Mgonjwa Asiyesumbua

Wodi ya Mifupa
3 Juni

Mwanangu,

Kabla hujayasikia kwa majirani, ambao wakisimulia jambo hulitia chumvi mpaka haliliki, nisikilize mimi mwenyewe: nimeanguka. Niliteleza bafuni kwangu, kwenye sabuni niliyoidondosha mimi, juu ya sakafu ambayo wewe uliniambia sijui mara ngapi niiwekee mkeka wa mpira. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tatizo la nyumba yetu ni kwamba mkuu ni mimi. Nyonga imevunjika, nimefanyiwa upasuaji, chuma kimewekwa, na nimezinduka nikiwa na akili zangu zote, hata zile ambazo ungependa zipungue.

Na wamenilaza wodi gani? Yangu. Ile ile niliyoiongoza mpaka nikastaafu. Wasichana karibu wote wa hapa nimewafundisha mimi, na wale ambao sikuwafundisha wamefundishwa na niliowafundisha. Wananiita Mwalimu. Wakipita hapa wananyoosha migongo kama askari, hata yule anayesukuma toroli la chakula.

Kulia kwangu, dirishani, yupo mama mwenye duka ambaye ngazi ilimtupa akipaka rangi ukuta, akavunjika mkono na mguu kwa mpigo. Wodi nzima inamwita Mama Redio. Redio yenyewe haina kitufe cha kuzimia. Nashukuru, maana hospitali ukiwa mgonjwa siku ni ndefu kuliko ukiwa kazini.

Daktari amesema hivi, nami nakuandikia bila kuongeza wala kupunguza. Nikianza kuinuka na kutembea mapema, nitarudi nyumbani kwangu na nitapanda ngazi zangu. Nikichelewa, misuli italala usingizi wake, na hapo itabidi tuzungumze mambo mengine. Sitaki kuzungumza mambo mengine. Unaijua nyumba yangu ilivyo juu, unajua ngazi zile kutoka barabarani, na unajua nilivyoapa siku tunamzika baba yako kwamba nitaishi mle mpaka nami nitolewe nimebebwa.

Usije. Najua manesi mmebaki wangapi huko. Wala usipige simu, simu na sikio langu hili bovu haziivi chungu kimoja. Niandikie.

Mama yako

*

9 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama koridoni, nikacheka, nikalia, halafu nikaitwa kitanda cha mwisho.

Nimeomba ruhusa. Mkuu wetu wa wodi ni mtu mwema. Alinitazama, akatazama ratiba ukutani, akanitazama tena. Mwenzetu mmoja amejifungua, mwingine amehamishwa, wa tatu aliondoka bila hata kuaga, tukakuta sare yake imekunjwa vizuri juu ya kiti. Zamu ya mchana tumebaki wawili, na wagonjwa wamejaa mpaka koridoni. Mkuu hakunikatalia kwa mdomo. Nilirudi tu kazini.

Kwa hiyo naomba unijibu kama nesi, usinijibu kama mama. Nani anakugeuza? Visigino vyako vimeinuliwa, havigusi godoro? Kinywa kinasafishwa? Maji unakunywa ya kutosha? Ulikalishwa siku ya pili baada ya upasuaji? Wewe ndiye uliyeniambia, tangu sijaanza hata chuo, kwamba sindano na dripu hazisahauliki kwa sababu kuna mtu atauliza. Kinachoanza kudondoka mikono ikipungua ni kugeuza, kuosha kinywa, kumtembeza mtu, na kukaa naye kidogo ukamsikiliza. Hayo hakuna anayeyauliza. Mama, huku kwetu yanadondoka kila siku, na mimi ni mmoja wa wanaoyadondosha. Ndiyo maana nauliza.

Mimi sijambo. Nakula, nalala.

Mwanao

*

15 Juni

Mwanangu,

Nimeusoma mtihani wako na majibu ni haya. Nageuzwa. Visigino vipo mahali pake, mwisho wa miguu. Kinywa kinafanya kazi vizuri, muulize jirani yangu. Maji nakunywa, ingawa asubuhi sinywi mengi, maana unajua mwenyewe chombo cha kujisaidia kinavyowala muda wasichana saa ya dawa. Chai nayo huwa wanaiweka mezani mbali kidogo na mkono wangu, ila mimi napenda chai iliyopoa.

Jana nimetembea hadi dirishani. Chini pale ni uwanja wa kufulia. Wanawake wawili walikuwa wanaanika mashuka, mmoja mnene mwenye kicheko, mwingine mwembamba anayegombana na upepo kana kwamba upepo una masikio. Paka mweupe alikuwa amejilaza juu ya kikapu cha nguo safi na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Nimesimama nikatazama mpaka miguu ikachoka. Unaona kwamba naendelea vizuri.

Unamkumbuka yule mwanafunzi wangu wa mwisho niliyekusimulia, aliyezimia siku ya kwanza alipoonyeshwa kidonda, nikamnywesha maji ya sukari? Kidoti, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo. Siku hizi nusu ya wodi ni yake peke yake. Juzi nilimwona ameegemea ukuta, kipande cha mkate mkononi, amesinzia hivyo hivyo amesimama. Nilitaka kuomba kitu fulani, nimeshasahau ni kitu gani. Nikafumba macho ili akizinduka asijue kwamba nimemwona.

Halafu wewe. Umeniandikia "nakula, nalala" bila kuulizwa. Mgonjwa akiniambia hivyo huwa naenda kuikagua sahani.

Mama yako

*

17 Juni

Kwako Nesi, binti wa jirani yangu wa kitanda,

Hunijui nami sikujui, lakini najua ulimeza kifungo cha shati ukiwa na miaka mitatu na nyumba nzima ikakaa kukisubiri kitoke, kwa hiyo tusijifanye wageni. Naandika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umo ndani ya plasta. Herufi zikilala, usiziamshe. Anwani yako nimeinakili kutoka kwenye bahasha ya mama yako akiwa usingizini. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Mama yako hajatembea hadi dirishani. Dirisha ni langu. Wale wanawake wa mashuka nilimsimulia mimi, na paka pia, na amekuwa akinitaka nimsimulie kila siku nikidhani anapenda hadithi. Jana kanisomea barua aliyokuandikia, anaringa kwa ile sehemu ya upepo, ndipo nikajua zimeenda wapi. Kitandani hajatoka. Mtu wa mazoezi alikuja siku moja akamkalisha ukingoni, akaitwa kwingine, akamlaza tena akasema atarudi. Hadi leo.

Nikueleze inavyokuwa. Wasichana wakiingia zamu wanaanzia kwake. Shikamoo Mwalimu, umeamkaje Mwalimu. Naye anawajibu kwa sauti ya kanisani kwamba hajambo, hana shida, waende kwa wenye shida. Nao wanakwenda. Mimi nikitaka maji wanajua hadi walinzi wa getini, na nayapata. Yeye akizungumza nausikia ulimi unavyonata kwa ukavu. Namsogezea kikombe kwa gongo langu, nusu kinamwagika.

Jana kavuta shuka haraka afunike mguu nisiuone, lakini mimi si mjinga. Mume wangu nilimuuguza ndani mwaka mzima hadi nikamzika, harufu ile naijua. Ni kisigino. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio sikitaki karibu na kitanda changu.

Wasichana si wabaya. Wanakimbia mpaka unawaonea huruma. Ila kuna kitu sikielewi, kwa nini kitanda kile wanakisalimia kisha wanakizunguka, kama watu wanaompisha anayesali.

Usimwambie nimesema. Au mwambie, tutagombana, siku zitakwenda.

Mama Redio (jina wamenipa wao)

*

22 Juni

Mama, shikamoo.

Yule paka wa dirishani anaendeleaje?

Usimgombeze jirani yako. Angekaa kimya ningemlaumu. Nimekasirika, Mama, na ningekuandikia maneno ambayo mtoto hamwandikii mzazi, kama si jambo lililonipata kazini siku ile ile barua yake ilipofika.

Tunaye mzee, fundi saa, amelala kwetu muda mrefu kwa ugonjwa wa kifua. Hatoi sauti. Tukikabidhiana zamu, akifikiwa yeye tunasema "mzee hana shida" na tunahamia kitanda kinachofuata. Tunampenda. Tunasema wangekuwa wote kama yeye kazi ingekuwa raha. Nilikuwa na barua ya Mama Redio mfukoni, nikapita kwenye kitanda chake, nikamsalimia, akanijibu kwamba hajambo, nikaanza kuondoka. Halafu miguu ikakataa. Nikarudi nikalifunua shuka lake. Visigino vyote viwili vilikuwa vyekundu kama pilipili, na kiunoni ngozi imeanza kuchubuka. Midomo imepasuka. Nikamuuliza kwa nini hakutuita. Akasema, "Niliona mnakimbia, mwanangu. Nikaona afadhali mmoja wetu atulie."

Nilimgeuza, nikamsafisha kinywa, nikaingia stoo ya mashuka nikalia mpaka nikakohoa. Nililia kwa ajili yake au kwa ajili yako, sijui. Mtu aliyemweka hivyo ni mimi, Mama, na mimi si mtu mbaya. Kwa hiyo hata hao wa kwako siwezi kuwachukia.

Sasa ukweli wangu, maana nimeudai wako. Silali. Nikifumba macho naanza kuhesabu ambao sijawafikia. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye begi, naitembeza.

Nimemwandikia pia mkuu wa wodi yenu. Na wewe naomba kitu kimoja tu. Waite. Mgonjwa anaruhusiwa kuita.

Mwanao

*

28 Juni

Dada yangu,

Mimi ndiye mkuu wa wodi aliyolazwa mama yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Hukunitukana hata neno. Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji nilimtuma Kidoti na beseni akamwogeshe. Mwalimu akamuuliza kama maji ameyapima kwa kiwiko. Alikuwa anatania tu, uso wake wote unacheka. Binti akarudi kwangu na beseni limejaa vile vile, akasema Mwalimu ataoga baadaye. Nilijua hakusema hivyo. Nikaenda mwenyewe. Nilipofika, mama yako akaniangalia kwa lile jicho lake la siku ya mtihani, nami, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, nikamwamkia nikapita. Nitawezaje kumfunua shuka mtu aliyenifundisha kushika sindano? Nikasema atakuja mwingine. Kila mmoja wetu akasema hivyo hivyo moyoni, na kila mmoja akadhani mwenzake ameshafanya.

Tukikabidhiana zamu ikawa tunasema, "Mwalimu anajitegemea." Aliyeanza kulisema simjui. Likapokewa, likapitishwa, mwishowe likawa kama limeandikwa na daktari. Na yeye akituambia twende kwa wengine, tulishukuru, dada. Tulidhani tunamheshimu.

Tena nisisingizie heshima peke yake. Siku walipoletwa majeruhi wa ajali ya basi, hakuna mtu aliyegeuzwa wodi nzima. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni na viatu miguuni. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini? Hakuna aliyekufa siku ile. Ila najua kila nilichokiacha, na kwa nani. Kijana wangu mmoja wa zamu ameanza kutapika kabla ya kuja kazini.

Sasa hali ya mama yako. Kidonda cha kisigino kimekwenda ndani na kimeingia wadudu. Ana homa kali tangu juzi, amekuwa akikuita kwa jina lako la utotoni. Daktari amekisafisha na amebadilisha dawa. Mazoezi yamesimamishwa mpaka homa ishuke. Sitakuficha, wewe ni wa kazi hii: siku za mwanzo, zile za kumwinua, zimeshapita, na hazirudi.

Namgeuza mwenyewe. Nikiwa sipo, nimemtaja kwa jina atakayefanya. Ukitaka kutushtaki una haki, nami nitasimama niyaseme haya haya.

Mkuu wa Wodi

*

5 Julai

Mwanangu,

Homa imeshuka. Mkono huu unaouona ni wangu, ingawa umelegea.

Nilikuwa tayari kukujibu kwa ukali. Nilikwishapanga na maneno. Kwamba mimi ni mama yako, kwamba nilikudanganya kwa sababu ungekuja, na ungekuja wangebaki wagonjwa wako na nesi mmoja. Kwamba miaka yote niliyofanya kazi hii niliombea mgonjwa mmoja tu wa namna yangu, asiyesumbua, na sasa nimekuwa yeye mnanigombeza. Maneno mazuri. Homa imeyachoma yote.

Nikueleze kilichotokea juzi. Niliamka nimelowa jasho, mgongo unauma, na kiu. Nikaita. Mwanangu, neno "nesi" sikuwahi kuliita mimi, maisha yangu yote niliitwa. Lilitoka dogo, hata mimi mwenyewe sikulisikia vizuri. Mama Redio akalipokea akalirudia kwa sauti yake, wakaja watu watatu mbio, na mmoja ameshika mtungi wa oksijeni.

Nikawaambia nataka kuoga tu. Wakatazamana. Kidoti ndiye aliyekwenda kuleta beseni. Akasimama pale na taulo, akaniambia, "Mwalimu, nikikosea uniambie."

Nikamwambia, "Leo sina la kukuambia. Mimi ni mgonjwa wako."

Akaanza usoni, macho kwanza, kutoka puani kwenda nje. Maji yalikuwa na joto lake hasa. Alipofika mgongoni nikaanza kulia, naye akasimama akidhani ameniumiza. Nikamwambia aendelee. Sikuwa nalia kwa maumivu. Nilikuwa sijaguswa na mtu tangu niletwe, ila kwa sindano, kidonda na kugeuzwa, na mwili wangu ulikuwa umeshaanza kuwa kama kitu kilichowekwa pale na mwenyewe kasahau kukichukua. Mkono wa mtoto yule ulinirudisha. Naye akalia, tukalia wote, na Mama Redio, ambaye halimhusu, akalia kutushinda.

Nilifundisha kuogesha miaka yote ile. Nilifundisha mikunjo ya taulo na joto la maji. Sikujua ni kitu gani hasa nilichokuwa nafundisha mpaka nilipokikosa.

Ile barua uliyo nayo kwenye begi sitaisemea. Ni ya kwako. Ila usilie stoo, mwanangu. Yule mzee amekusubiri muda mrefu, mlilie mbele yake, atakuelewa.

Sijasimama bado.

Mama yako

*

12 Julai

Mama, shikamoo.

Fundi saa anakusalimu. Nimemsimulia habari zako, akaniomba nikuulize kama Mama Redio ameolewa. Nimemwambia ni mjane, akaomba kioo.

Visigino vyake vimerudi rangi ya kawaida. Kiuno bado. Hatujawa wengi, Mama, tuko wale wale wawili. Tulichobadilisha ni kidogo, wala sijui kitadumu mpaka lini: zamu ikianza, tunapita kwanza kwa wasioita. Wanaopiga kelele wanatulalamikia, na wana haki. Jana tukachelewesha dawa za watu kwa sababu hiyo, mkuu akanikaripia, na yeye ana haki. Ukivuta shuka ufunike mabega, miguu inabaki nje. Barua iko bado kwenye begi. Siku nyingine naishika, siku nyingine naisahau.

Nilizungumza na daktari wako kwa simu jana. Amesema atakueleza wewe kwanza, na hataki kunieleza mimi kabla yako. Kwa namna alivyokataa nimeelewa.

Sasa nisikilize. Ninapoishi ni vyumba viwili, vyote chini, hakuna ngazi hata ya kujikwaa. Choo kiko ndani. Chumba cha nyuma kina jua la asubuhi, nimekitoa masanduku yangu yote. Wenzangu, pamoja na wa usiku, wamegawana zamu zangu, ruhusa nimepewa, begi nimefunga. Ningeweza kupanda basi kesho.

Lakini sitapanda. Nimewaza sana, Mama. Nikija bila kuitwa, utanipokea kwa adabu, utaniambia huna shida, utakuja kwangu kunifurahisha mimi, na utakaa kwenye kile chumba cha nyuma kimya, ukinywa maji kidogo ili usinisumbue. Nitakuwa nimekuhamisha kitanda tu. Sitaki mgeni. Nataka mama yangu, mwenye madai yake. Kwa hiyo nasubiri. Nakupenda, na nasubiri.

Mwanao

*

20 Julai

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi kuliko ilivyostahili. Umekuwa mkali. Sijui umeutoa wapi ukali huo, watu wanasema kwangu.

Mwambie mzee wako kwamba Mama Redio ameruhusiwa jana. Ameondoka kwa magongo akiwaaga watu mmoja mmoja, imechukua asubuhi nzima, hata mgonjwa aliyekuwa amelala usingizi aliamshwa aagwe. Dirisha amenirithisha. Wamenisogeza. Uwanja wa kufulia si kama alivyonisimulia. Mwanamke mwembamba hagombani na upepo, anaimba. Na paka ni wa kijivu. Mchafu tu.

Sasa yangu. Jana nimesimama. Si kwa hadithi, nimesimama kweli, Kidoti upande mmoja, mkuu wa wodi upande mwingine, na mbele yangu kile kichuma cha kutembelea cha miguu minne. Nikapiga hatua za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nikaketi kwenye kiti, nikatokwa na jasho kama niliyelima. Wasichana wakapiga makofi. Niliwatazama wakipiga makofi, nikajua kwamba wameshaambiwa na daktari kabla yangu.

Daktari alikuja jioni akakaa kitandani, jambo ambalo zamani ningemkataza. Mfupa umeunga vizuri. Nitatembea kwenye sakafu tambarare, na hicho kichuma, taratibu. Ngazi hapana. Nilimuuliza, je, nikifanya mazoezi sana? Akanijibu kwa kunishika mkono. Kwa hiyo nyumbani kwangu sitarudi. Nimelia, na sitakuambia kwamba sikulia. Nimelilia mlango wangu, na baba yako aliyeupaka rangi, na mimi niliyekuwa napanda zile ngazi na kikapu kichwani nikiwacheka vijana wanaohema. Ingewezekana isiwe hivi. Hilo nalijua, na mkuu wa wodi analijua, tumeshalizungumza mimi na yeye, amelia, nimemfuta. Simchukii mtu. Lakini ni hasara, mwanangu, na hasara niiite kwa jina lake.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliandika kwamba ukipata nafasi. Nikaichana. Ya pili niliandika kwamba kama haitakuwa usumbufu. Kidoti alikuwa anafunga kisigino, akaniuliza mbona nachana karatasi, nikamwambia natafuta namna ya kuomba. Akasema, "Mwalimu, si uombe tu."

Basi naomba. Nataka hicho chumba chenye jua. Nataka uweke kitanda karibu na ukuta wa upande wako ili nikusikie ukirudi kazini, kwa sikio hili lililobaki zima. Nataka unigeuze usiku nikiumia, na uniulize kama nimekunywa maji, na nikikudanganya ujue. Nami nitataka kuona sahani yako. Nitakuita mara nyingi. Kuna siku utachoka na mimi, utavuta pumzi mlangoni kabla ya kuingia, nami nitasikia. Ingia tu.

Mwanangu, nina shida. Peke yangu siwezi. Njoo unichukue.

Mama yako